Nani akae mkekani? Kulinganisha tiba za mchezo kwa mtoto aliyepatwa na kiwewe

"Mimi nikae wapi?"

Bibi aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi na kingine bado mguuni. Alikuwa amevuka feri kutoka Likoni na mjukuu wake wa miaka sita, aliyekuwamo ndani ya matatu siku mama yake alipofariki ajalini. Tangu siku hiyo mtoto hamwachi bibi hata kwenda msalani. "Usiku yuwastuka, yuwalia, ukimwamsha hajui kitu," alinieleza. "Na kula hali mpaka nimtie tonge mwenyewe." Kabla ya kufika kwangu alikuwa amezunguka sehemu mbili. Ya kwanza walimwambia amwache mtoto kwa saa moja, kisha arudi kumchukua. Ya pili wakamwambia sharti aingie ndani, akae chini na acheze naye. Alitaka kujua wapi wamesema kweli, na kama ni hawa wa pili, mtu wa umri wake ataanzaje kucheza.

Ningependa kila mzazi Mombasa aanze na swali la bibi huyu. Wengi huuliza bei, huuliza itachukua miezi mingapi, huuliza kama mtaalamu ni mwanamke au mwanamume, na yote hayo wana haki ya kuuliza. Lakini tiba hizi kwa juu juu zinafanana, kwa sababu karibu zote zina wanasesere, mchanga na kalamu za rangi. Zinapoachana njia ni hapo kwa mlezi: anakaa nje kwenye benchi, au mkekani goti kwa goti na mtoto? Nitalinganisha tiba nne za mchezo, na ya tano ambayo si ya mchezo hasa lakini lazima utaambiwa habari zake. Mimi ni mshauri wa watoto na familia, na nina upande ninaoegemea, utauona. Watu ninaowataja nimewabadilisha kiasi cha kutosha wasitambulike.

Kwa nini mchezo, na kwa nini mlezi

Mtoto wa miaka minne hawezi kukwambia, "Nina hofu tangu siku ile." Atakwambia tumbo linamuuma, tena kila alfajiri wakati wa kwenda chuoni kwa maalim. Ataanza kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani. Atampiga mdogo wake bila sababu, au atakuwa mtulivu mno mpaka majirani wamsifu kwa adabu. Huyu wa mwisho ndiye hunitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna anayemleta. Mchezo ndiyo lugha ambayo mtoto tayari anayo, na mambo yasiyotoka mdomoni hutoka mikononi.

Habari ya mlezi inatokana na kazi ya daktari wa Uingereza, John Bowlby, na mwenzake Mary Ainsworth. Ainsworth alikuja Uganda mwaka 1954, na kwa miezi kadhaa akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga na mama zao. Aliona jambo ambalo kila mama wa kwetu amewahi kuliona bila kulipa jina: mtoto anatambaa kwenda mbali kidogo, anageuka kumtazama mama, akimwona yupo anaendelea na shughuli zake, likitokea la kumtisha, anarudi mbio mapajani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967. Nalitaja kila mara, kwa sababu wazazi wengi hudhani kushikamana kwa mtoto na mlezi ni fikra iliyotoka Ulaya ikaletwa kwetu kwa meli. Akina mama wa Kiganda ndio waliomfundisha.

Sisi tungesema mama ni bandari. Mtoto huenda baharini kwa sababu anajua pa kurudi. Kiwewe humrudisha mbio, na mara nyingi anakuta bandari nayo imepigwa na dhoruba ileile: mama ndiye aliyekuwa akipigwa, au amefiwa, au alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani miaka miwili na mtoto hamjui tena. Ndiyo maana kumtibu mtoto peke yake, kisha kumrudisha kwa mlezi ambaye hakuna aliyezungumza naye, mara nyingi hakufiki mbali.

Theraplay: mlezi ndani, mtaalamu anaongoza

Tiba hii ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1967. Ann Jernberg alikuwa na watoto wengi wa familia za kipato cha chini na wataalamu wachache, ikabidi atafute njia ambayo mtu wa kawaida mwenye moyo wa watoto angeweza kufunzwa. Mwenzake, Phyllis Booth, baadaye alisoma London kwa Bowlby mwenyewe, na nadharia ya kushikamana ikawa uti wa mgongo wa kazi yao. Jina Theraplay lina mwenyewe, limesajiliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia anafanya Theraplay, muulize alifunzwa wapi na amefika ngazi gani.

Cha kwanza kinachowashangaza wazazi ni kwamba chumba hakina vitu. Kuna mkeka, mito, mafuta, labda pamba na karatasi. Mchezo ni uso kwa uso, mkono kwa mkono, kwa nusu saa au dakika arubaini na tano. Kabla ya kuanza, mlezi na mtoto hupewa kazi ndogo ndogo kwenye bahasha: mlishe mtoto kitu, mfundishe jambo asilolijua, toka nje dakika moja umwache kisha urudi. Hurekodiwa kwa video, halafu mtaalamu hukaa na mlezi wakaitazama pamoja. Nimeona baba akilia kwa kujitazama tu kwenye video akimpa mwanawe biskuti bila kumwangalia usoni. Hakuna aliyemlaumu. Aliona mwenyewe.

Kazi yote huzunguka mambo manne: mpangilio, ili mtoto ajue kuna mtu mzima anayeshika usukani, mvuto, yaani kumfanya mtoto ahisi anatazamwa na kufurahiwa, kulelewa, kwa kupakwa, kulishwa, kubembelezwa, na changamoto ndogo ya kumpa imani na nafsi yake. Ukiyatazama haya kwa jicho la Mwambao, hayana ugeni. Kumkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, kumbembea ndani ya leso watu wawili wakishika ncha, mchezo wa ukuti, kumsuka nywele huku mnapiga soga, yote hayo tunayo. Tiba hii inayachukua na kuyapa mpango, kwa mtoto ambaye aliyakosa, au aliyakimbia baada ya kuumizwa.

Bibi wa Likoni nilimweka mkekani. Wiki ya tatu nilimpa chupa ya mafuta nikamwambia aikague mikono ya mjukuu wake kama anayetafuta kitu kilichopotea. Akaanza na kidole gumba. "Hapa pana nini? Pana alama ya kalamu. Na hapa? Pana kijikovu." Mtoto akautazama mkono wake kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona. Bibi akapaka kile kijikovu kwa ncha ya kidole, polepole, akakipuliza. Mtoto akampa mkono wa pili bila kuombwa. Halafu akashika ule mkono wa bibi wenye mishipa iliyosimama, akaanza kuukagua na yeye. Hatukutaja ajali hata kidogo siku hiyo. Jioni ya siku ile, bibi alinieleza baadaye, aliweza kwenda msalani mlango ukiwa umefungwa, akiimba ili mtoto amsikie.

Sasa mipaka yake. Theraplay haimwulizi mtoto kisa chake. Kama ndoto mbaya na picha za tukio ndizo zinazomtesa, huenda tiba hii ikajenga msingi tu, kisha ikahitajika nyingine juu yake. Tafiti zake zipo na zinatia moyo, ila nyingi ni za watu wachache. Haijapimwa kwa wingi kama ile tiba ya tano nitakayoitaja. Tena ina mguso mwingi. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono anaweza kustuka kwa kushikwa tu, na hapo mtaalamu mzuri hubadilisha: pamba badala ya kidole, au mtoto ajipake mwenyewe huku mlezi akitazama. Akisema hataki, hataki yake inaheshimiwa papo hapo.

Mchezo unaoongozwa na mtoto: mlezi nje

Hii ndiyo ile ya "mwache saa moja urudi". Mwanzilishi wake ni Virginia Axline, mwanafunzi wa mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeieleza kwa kirefu mwaka 1947. Chumba kimejaa: wanasesere wa familia, wanyama, magari, sinia la mchanga, udongo wa kufinyanga, vifaa vya daktari, hata panga la plastiki. Mtoto anaingia na kuchagua. Mtaalamu haongozi, haulizi maswali, hasifu wala kukosoa. Anafuata tu na kutaja anachokiona: "Umemweka huyu mbali na wengine." "Una hasira naye sana."

Anayeitazama kwa mara ya kwanza huhisi hakuna kinachofanyika. Nilikuwa na mvulana wa miaka saba kutoka Kisauni, ambaye nyumba yao ilivamiwa usiku na vijana wenye mapanga. Mchezo wake ulikuwa ule ule wiki tano mfululizo: watu wote walale, kisha ng'ombe wa plastiki aingie awakanyage mmoja mmoja. Kila wiki. Wiki ya sita alitafuta kipande cha mbao akakisimamisha mlangoni. Ng'ombe akaja, akagonga, akarudi. Hakusema neno, ila alivuta pumzi ndefu ambayo sijaisahau. Hakuna swali ambalo ningeliuliza likamfikisha hapo mapema zaidi.

Lakini nje kwenye benchi alikuwapo mama yake, naye aliupitia usiku ule ule wa mapanga. Tulipotoka aliniuliza, "Leo vipi?" nikamwambia amecheza vizuri, kwa sababu ya mtoto ni siri ya mtoto. Wakarudi nyumbani na ule mlango wao. Saa nane za usiku mvulana alipostuka, mimi sikuwapo. Alikuwapo mama, na hakuna aliyemwonyesha afanye nini. Hapo ndipo moyo wangu ulipohama kuegemea tiba zinazomwingiza mlezi.

Ukiziweka hizi mbili ubavu kwa ubavu, ni kama mkono wa kulia na wa kushoto. Theraplay mtu mzima anaongoza, huku mtoto anaongoza. Theraplay haina vitu vya kuchezea, huku vitu ndiyo maneno. Kwa Theraplay mtaalamu ni kama kungwi anayemrudisha mtoto kwa mlezi, huku mtaalamu mwenyewe ndiye mtu wa kutegemewa kwa muda. Theraplay hupanga vikao karibu 20, pengine vichache zaidi au vingi zaidi. Huku idadi humfuata mtoto, na ni vigumu kukwambia mapema lini itakwisha. Mtoto anayetaka kutawala kila kitu kwa sababu aliwahi kunyang'anywa kila kitu, nafasi ya kuongoza ni dawa kwake. Mtoto aliyebeba mzigo wa utu uzima, yule anayempikia mdogo wake na kumfuta mama machozi, dawa yake ni kuongozwa, apumzike awe mtoto.

Ipo hali moja ambayo mlezi nje ndiyo sahihi bila mjadala: mlezi akiwa ndiye aliyemuumiza, au bado anaishi na aliyemuumiza na anamtetea. Usimweke mtoto mkekani na mtu anayemwogopa ukaiita tiba.

Mzazi kufundishwa kucheza: mtaalamu ndiye anayekaa nje

Miaka ya 1960, Bernard na Louise Guerney, mume na mke, waliichukua ile njia ya Axline wakaigeuza: badala ya mtaalamu kucheza na mtoto, mzazi afundishwe kufanya hivyo. Baadaye Garry Landreth wa Texas aliifupisha ikawa mafunzo ya vikao 10, wazazi wakikutana kikundi. Mzazi hujifunza kufuata, kutaja hisia na kuweka mipaka bila kufoka, kisha nyumbani anatenga nusu saa kwa wiki na mtoto mmoja, vitu vile vile, siku ile ile. Hurekodi kwa simu na kuja kuonyesha.

Kwa Mombasa naiona ina manufaa ambayo watu hawajayatambua. Anayetoka Jomvu au Mtongwe kila wiki kwa miezi sita anahesabu nauli ya matatu, ya tuktuk, na siku ya kazi iliyopotea. Hapa safari ni 10, na kinachobaki nyumbani hakiishi. Vitu vya kuchezea vinaenea kwenye katoni moja inayosukumwa chini ya kitanda: mwanasesere, wanyama wawili watatu, gari, udongo wa mfinyanzi, kalamu, kamba, kikombe cha kupikia pikia. Sharti moja nalisisitiza, kwamba katoni hiyo haifunguliwi wakati mwingine wowote wala haichezewi na ndugu zake. Wazazi hupuuza hili, kisha wanashangaa kwa nini nusu saa imepoteza uzito.

Neno gumu kwao ni lile la kutofundisha. Mama anakaa na mwanawe, mtoto anachora samaki wa rangi nyekundu, mama anasema, "Samaki gani mwekundu? Hebu hesabu mapezi yake." Basi, mtoto kafungika. Tumelelewa kuamini mtu mzima akikaa na mtoto lazima amfunze kitu. Inachukua wiki tatu nne mzazi kuweza kusema tu, "Umemchora mwekundu."

Haimfai mzazi ambaye mwenyewe bado yuko katikati ya dhoruba. Mama aliyefiwa mwezi uliopita hawezi kutulia nusu saa akitazama mwanasesere akizikwa mchangani. Msaidie yeye kwanza, au mchague tiba inayowabeba wote wawili.

Tiba ya mzazi na mtoto kwa walio chini ya miaka sita

Tiba hiyo inayowabeba wawili ilijengwa San Francisco na Alicia Lieberman na Patricia Van Horn, juu ya msingi wa Selma Fraiberg, ambaye miaka ya 1970 alionyesha namna maumivu ya utotoni mwa mzazi yanavyoingia bila kualikwa katika malezi ya mwanawe. Ni ya watoto kuanzia kuzaliwa hadi kabla ya kutimiza miaka sita. Mama na mtoto wanakaa chumba kimoja na mtaalamu mara moja kwa wiki, vitu vya kuchezea vipo, na kazi inaweza kufika mwaka mzima.

Tofauti yake na Theraplay ni kwamba hapa tukio linatajwa. Linatajwa kwa maneno madogo, mbele ya mama, na kwa ridhaa yake: "Uliona baba akimpiga mama. Uliogopa sana. Mama naye aliogopa. Halikuwa kosa lako." Wazazi wa kwetu hapa huruka. Hudhani mtoto wa miaka mitatu alisahau, na kumtajia ni kumkumbusha. Hajasahau, mwili wake unakumbuka, na kimya cha nyumba kinamfundisha kwamba jambo lile ni baya hata kutamkwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005, kwa mama 75 na watoto wao wa umri wa chekechea walioshuhudia ukatili nyumbani, uliwakuta waliopata tiba hii wakiwa wamepungukiwa na tabia za matatizo na dalili za kiwewe, na mama zao pia wakiwa na nafuu, kuliko waliopata huduma nyingine.

Kama mtoto wako hajafika miaka sita na kilichotokea kilitokea ndani ya nyumba, na wewe mwenyewe uliumia, hii ndiyo ningekutafutia kwanza. Ubaya wake ni urefu wa muda, na ni lazima mtaalamu awe amefunzwa vizuri. Mtu asiyejua akimtajia mtoto tukio kabla mama hajawa tayari, wote wawili huanguka.

Ile ya tano, ya kuongea

Utaisikia hospitalini kwa jina la TF-CBT, yaani tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe. Ilitengenezwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, na kwa kawaida huwa vikao 12 hadi 16. Mtoto hufundishwa kwanza kutuliza pumzi na kutaja hisia, kisha kidogo kidogo anasimulia tukio lake, kwa kuandika, kuchora au kuigiza, mpaka kumbukumbu ipungue makali. Mlezi hukutana na mtaalamu kwa upande wake, na mwishoni mtoto humsomea kisa chake.

Kwa ushahidi, hii ndiyo iliyo mbele ya zote kwa watoto wenye dalili za kiwewe. Tena imejaribiwa kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, huko Bungoma hapa Kenya na Moshi nchini Tanzania, mjini na vijijini. Walioendesha vikundi hawakuwa wanasaikolojia, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Tiba ilipokwisha, maeneo matatu kati ya manne yalionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida, na kwa Kenya nafuu hiyo ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baadaye.

Kwa nini basi nisiseme kila mtoto apelekwe huko? Kwa sababu inahitaji mtoto awe na maneno, na awe na mtu wa kumsomea kisa chake. Mtoto wa miaka tisa aliyeona ajali na ana mama anayemkumbatia, mpeleke huko moja kwa moja, usipoteze miezi kwenye mchanga. Mtoto asiye na bandari, mtafutie bandari kwanza.

Ningechaguaje

Mama aliyerudi kutoka Ghuba baada ya miaka miwili, mtoto anamkimbilia bibi, naye mama huitwa "yule": Theraplay, na bibi awemo siku za mwanzo ili mtoto aone makabidhiano yanafanywa kwa upendo. Sijaona kinachofanya kazi vizuri zaidi kwa familia hizi, na ni nyingi mno mjini kwetu.

Mtoto wa shule aliyevamiwa au kushuhudia mapanga, na wazazi wako imara: ile ya kuongea, au mzazi kufundishwa kucheza kama ni mdogo. Mtoto aliyehamishwa kwa amri ya mahakama, walezi wake bado hawajatulia: mchezo anaouongoza mwenyewe, mpaka apatikane mtu wa kudumu.

Kuhusu ukatili wa kingono, kwanza si tiba ya mchezo. Kwanza ni hospitali, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya muda huo hazisaidii. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliotendewa ukatili huo. Nambari 116 ya watoto hupigwa bure saa yoyote. Tiba itakuja baadaye, mtoto akishakuwa mahali ambapo aliyemtenda hawezi kumfikia. Mkeka hauponyi mtoto anayerudi kulala chumba kimoja na anayemuumiza.

Na familia zinazoniambia zimeanza kwa kusomewa, au padri amewaombea, siwakatazi. Mtoto anayesomewa akiwa amekaa mapajani kwa babake, mkono wa baba kichwani, anapata kitu. Nawaomba jambo moja: asipigwe, asifukizwe mpaka akose pumzi, asiambiwe kwamba ndani yake mna kitu kibaya.

Naweka onyo hapa kwa uzito wote. Kuna watu duniani walioliteka neno kushikamana wakaligeuza kuwa kumshika mtoto kwa nguvu mpaka "asalimu amri". Mwaka 2000, jimboni Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alifariki kwa kukosa pumzi baada ya kuviringishwa kwenye shuka na kukandamizwa na mito, akilia kwamba hawezi kupumua, na waliofanya hivyo waliiita tiba. Mwaka uliofuata jimbo hilo likapiga marufuku njia hiyo. Theraplay haifanani na hayo, wala yoyote kati ya nilizozitaja. Ukiona mtu anamshikilia mtoto anayelia aachwe, chukua mwanao uondoke.

Kwa hapa Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayetoa huduma hii awe amesajiliwa. Omba kuona cheti chake, si utovu wa heshima. Muulize nani humsimamia kazi yake, maana anayefanya kazi na kiwewe bila msimamizi huchoka na kukosea. Muulize kama anaongea lugha ambayo mtoto huotea ndoto. Mtoto wa Mji wa Kale akiambiwa ataje hofu yake kwa Kiingereza cha shule, atakupa jibu la mtihani. Kisha muulize swali la bibi wa Likoni, na usikilize kama ana jibu lenye sababu.

Siku ya kwanza, mtoto awe ameshiba na amelala vya kutosha. Usimwambie anakwenda kwa daktari. Mwambie mnakwenda mahali pa kucheza, na kwamba wewe utakuwa ndani, au utakuwa kwenye benchi lile na hutaondoka. Ukisema hutaondoka, usiende hata kununua maji. Njoo na leso anayojifunika usiku, bila kuifua.